Saa 48 na Mlango wa Mahakama: Mabadiliko ya Sheria na Sisi Watu wa Mpakani

(Hotuba ya Ofisa Uhusiano wa Polisi katika baraza la usalama la wananchi wa mpakani)



Nimeombwa nieleze mabadiliko ya sheria yanayogusa mahakama na kazi ya uwakili hapa Uganda. Sitajaribu kuwa hakimu wala wakili mbele yenu. Nitayatazama mambo haya kutoka pale ninapofanyia kazi, yaani baina ya kituo cha polisi na mwananchi. Ipo sababu ya kufanya hivyo. Mtuhumiwa anapokamatwa leo na kuonekana sokoni kesho, maneno huanza: "Polisi wamekula." Maneno hayo yasipopata jibu huzaa mawe na matairi. Mtu hufa kabla ya kusikilizwa. Kisha vijana wetu wenyewe, ambao jana walikuwa na pikipiki zao na familia zao, hushtakiwa kwa kuua kwa kukusudia, kosa ambalo adhabu yake ya juu kabisa ni kifo.

Mara nyingi chanzo cha msiba huo ni kutojua sheria inasema nini kuhusu muda wa kumshikilia mtu, na inafungua mlango gani kwa aliyedhulumiwa. Asiyejua saa hudhani ameibiwa, na asiyeujua mlango huvunja ukuta. Hayo mawili, saa na mlango, ndiyo nitakayoyazungumza.

Kwanza, saa. Ibara ya 23 ya Katiba ya mwaka 1995 inasema kwamba mtu aliyekamatwa kwa kushukiwa kosa ni lazima afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile kabla ya kupita saa 48. Hesabu hiyo huanza pale mtu anapokamatwa. Aliyekamatwa Ijumaa saa kumi jioni, saa zake 48 zinatimia Jumapili saa kumi jioni. Katiba haikusema kwamba mwisho wa juma hauhesabiwi. Ibara hiyo hiyo inataka mtu aelezwe mara moja, kwa lugha anayoifahamu, kwa nini amekamatwa, na kwamba ana haki ya kuwa na wakili anayemtaka. Anapoomba, ndugu yake wa karibu apewe habari mapema. Ndugu huyo, wakili wake na daktari wake waruhusiwe kumfikia.

Basi polisi hufanya nini pale saa zinapokaribia kwisha na upelelezi bado? Hapo ndipo inapoingia dhamana ya polisi. Mtu huachiwa kwa kutia saini, na wadhamini wake nao hutia saini, kwamba ataripoti kituoni siku iliyopangwa. Naomba neno hili mlipeleke hadi majumbani: dhamana ya polisi si msamaha, na si mwisho wa kesi. Jalada linabaki wazi, mashahidi wanaendelea kuandikwa, na mtuhumiwa anaendelea kuwa mtuhumiwa. Tena dhamana ya polisi ni bure. Hakuna ada ya kalamu, ya karatasi wala ya mafuta ya gari. Anayekuomba fedha kwa ajili yake, awe amevaa sare au hajavaa, anakuibia.

Dhamana ya mahakama ni jambo jingine. Mahakama yaweza kumtaka mshtakiwa aweke fedha. Fedha hizo huwekwa benki na kupewa stakabadhi, na kesi ikimalizika hurudishwa kwa aliyeziweka iwapo masharti yametimizwa. Katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, Bunge lilipunguza muda wa kukaa rumande. Kwa kosa linaloweza kusikilizwa na Mahakama Kuu na pia na mahakama za chini, mtu akikaa rumande siku 60 kesi yake haijaanza, ni lazima apewe dhamana kwa masharti yanayofaa. Zamani zilikuwa siku 120. Kwa kosa linalosikilizwa na Mahakama Kuu peke yake, ni siku 180 kabla kesi haijapelekwa Mahakama Kuu. Zamani zilikuwa 360. Mwaka 2022 Jaji Mkuu, Mheshimiwa Alfonse Owiny-Dollo, alitoa miongozo ya dhamana kwa mahakama zote nchini, ili hakimu wa hapa na hakimu wa Kampala wapime maombi kwa mizani moja: makazi ya mshtakiwa yanajulikana? Wadhamini ni watu wa kuaminika? Je, atavuruga mashahidi?

Swali hilo la makazi linatugusa sana sisi wa mpakani. Mtu mwenye nyumba upande huu na shamba upande ule huonekana machoni pa mahakama kama mtu anayeweza kutoroka. Kwa hiyo, ndugu wenyeviti wa LC, barua zenu za utambulisho si karatasi za kuuzwa. Andikeni barua kwa mtu mnayemjua kweli. Barua ya uongo ikimtoa mtu naye akavuka mpaka usiku, aliyeibiwa amepoteza haki yake, na jina la mwenyekiti ndilo litakalobaki ndani ya jalada.

Pili, niseme juu ya sisi tunaovaa sare. Mwaka 2012 ilitungwa Sheria ya Kuzuia na Kukataza Utesaji. Ushahidi uliopatikana kwa kumtesa mtu haukubaliki mahakamani, na ofisa aliyetesa hawezi kujitetea kwa kusema aliamriwa na mkubwa wake. Mwaka 2019 ikaja Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu. Kabla yake, aliyeonewa alizoea kuishtaki Serikali, na Serikali ndiyo iliyolipa. Sasa ofisa wa umma anayekiuka haki ya mtu anawajibika yeye binafsi, na mahakama yaweza kumwamuru alipe sehemu ya fidia kutoka mfukoni mwake. Zaidi ya hayo, mshtakiwa akivunjiwa zile haki ambazo Katiba hairuhusu ziguswe kwa hali yoyote, kama vile haki ya kutoteswa, mahakama yaweza kuitangaza kesi yake kuwa batili.

Fikirini maana yake. Kijana ameiba ng'ombe. Ushahidi upo na mashahidi wapo. Lakini akipigwa hadi kuvunjwa mkono ili akiri haraka, kesi nzima yaweza kuanguka, na mwenye ng'ombe akarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo mwananchi anayetuambia "mpigeni kwanza" anajiharibia kesi yake mwenyewe. Na askari anayemsikiliza anaharibu kesi, mshahara wake na jina la jeshi zima la polisi.

Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vya Kanuni ya Adhabu vilivyoruhusu mtu kukamatwa kwa kuwa anaonekana tu kama mzururaji, hana kazi inayojulikana, au yuko mahali fulani kwa saa zinazotia shaka. Katika miji yetu ya mpakani, kuanzia Busia na Malaba hadi Mutukula, Mpondwe na Elegu, watu hutembea usiku kwa kuwa malori hufika usiku na soko huamka kabla ya jua. Mama anayengojea mzigo wa nyanya saa tisa usiku hana kosa. Polisi anaweza kumuuliza swali, na anaweza kumkamata mtu akiwa na sababu ya kumshuku kwa kosa lililo wazi. Kutembea usiku peke yake si kosa.

Tena, tarehe 1 Julai 2024 lilianza kutumika toleo la saba la sheria za Uganda zilizorekebishwa. Sheria nyingi zilipewa namba mpya za sura. Kanuni ya Adhabu iliyokuwa Sura ya 120 sasa ni Sura ya 128, na vifungu vyake vingi vimesogezwa. Kosa ni lile lile. Kilichobadilika ni namba. Mtu akija kukuambia, "Kesi yako imefutika kwa sababu sheria ya zamani haipo, nipe kitu kidogo nikuletee barua," mjue ni tapeli.

Tatu, mlango. Si kila ugomvi ni wa polisi. Deni la magunia ya mahindi si wizi. Mpangaji asiyelipa kodi si mhalifu. Wengi hutuletea madeni kituoni wakitaka tuwaweke wadaiwa ndani hadi walipe. Hiyo si kazi yetu, na askari anayeifanya anavunja sheria. Milango iko hii ifuatayo.

Mlango wa kwanza ni mahakama ya LC, iliyowekewa utaratibu na Sheria ya Mahakama za Serikali za Mitaa ya mwaka 2006. Ipo ngazi ya kijiji, ya parokia na ya kata. Husikiliza madeni madogo, mikataba midogo, mifugo iliyoharibu mazao na mambo ya mila, kwa lugha ya wenyeji. Lakini mahakama ya LC haina mamlaka juu ya makosa mazito ya jinai. Naomba nisikike vizuri hapa, hasa kwa wazee. Mtoto akinajisiwa, jambo hilo halimalizwi kwa mbuzi, wala kwa fedha, wala kwa ndoa ya haraka ng'ambo ya mpaka. Aliyenajisi ni wa polisi na mahakama, na mtoto ni wa hospitali siku ile ile.

Mlango wa pili ni utaratibu wa madai madogo, ulioletwa na kanuni za mwaka 2011. Dai lisilozidi shilingi milioni 10, kama deni, kodi ya nyumba au bidhaa zilizochukuliwa bila kulipwa, hupelekwa katika mahakama ya hakimu iliyoteuliwa kwa kazi hiyo. Kwanza unampelekea mdaiwa barua ya madai na kumpa siku 14 alipe. Asipolipa, unafungua dai. Mawakili hawaruhusiwi kuwasimamia wenye kesi humo: mwenye dai na mwenye deni husema wenyewe mbele ya hakimu. Ninyi mnaokopeshana mali kwa neno la mdomo, anzeni kuandika. Karatasi moja yenye tarehe, kiasi na saini za watu wawili ina nguvu kuliko viapo vya ukoo mzima.

Mlango wa tatu ni mahakama ya hakimu wa kawaida. Hakimu wa Daraja la Kwanza husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 20, na Hakimu Mkuu hadi milioni 50. Ada za mahakama hulipwa benki au kwa simu kwa kutumia namba ya malipo, wala hazikabidhiwi mkononi kwa karani. Stakabadhi ndiyo shahidi wako. Na kwa wale wanaotaka kupatana, kanuni za upatanishi za mwaka 2013 zinaelekeza kesi za madai zipitie upatanishi kwanza. Mkipatana hapo, mapatano yenu huandikwa na kuwa na nguvu ya hukumu.

Nne, mawakili. Wakili halali wa Uganda ameandikishwa, na kila mwaka huchukua hati mpya ya kufanya kazi. Una haki ya kumwuliza kama hati yake ya mwaka huu ipo, na asione ni matusi. Chombo kinachosimamia nidhamu yao ni Baraza la Sheria, na mtu aliyekula fedha za mteja aweza kushtakiwa hapo. Wakili wa nchi jirani, hata awe hodari namna gani kwao, hawezi kusimama tu katika mahakama zetu bila kuruhusiwa kwa mujibu wa sheria. Nasema hivi kwa kuwa mpakani kuna vishoka wengi: leo ni wakili wa upande huu, kesho ni wakala wa forodha wa upande ule, na ofisi yake ni chini ya mwembe.

Asiye na fedha naye hakuachwa. Mtu anayeshtakiwa kwa kosa linaloweza kumletea kifo au kifungo cha maisha ana haki kikatiba ya kupewa wakili kwa gharama ya Serikali. Kwa makosa mengine na kwa madai, kanuni za mwaka 2009 zinamtaka kila wakili atoe saa 40 kwa mwaka kuwahudumia wasiojiweza bila malipo, au alipe fedha badala ya saa hizo. Ulizeni ofisi za Chama cha Mawakili cha Uganda na ofisi ya mahakama iliyo karibu nanyi.

Tano, ndugu zetu wa ng'ambo. Katiba yetu inapozungumzia aliyekamatwa inasema "mtu", haikusema "raia". Mkenya, Mtanzania, Mkongomani, Mnyarwanda au Msudani Kusini aliyekamatwa hapa ana saa zile zile 48. Ana haki ya kuwasiliana na ubalozi wa nchi yake. Na kama haelewi Kiingereza kinachotumika mahakamani, Ibara ya 28 inampa mkalimani bila malipo. Usijibu "ndiyo" kwa shtaka usilolielewa. Mwambie hakimu kwa Kiswahili: "Mheshimiwa, sielewi lugha hii, naomba mkalimani." Kufanya hivyo si aibu, wala hakimu hatakasirika. Kiswahili chenyewe ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii kwa mujibu wa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005.

Kumbukeni pia kwamba askari wa nchi moja hana mamlaka ya kuvuka mpaka na kumkamata mtu kijijini kwenu. Vituo vya pamoja vya mpakani vina sheria yake ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, na humo ndani ya eneo la udhibiti maofisa wa nchi mbili hufanya kazi zao za mpaka bega kwa bega. Nje ya eneo hilo, mtu anayetafutwa hupatikana kwa njia za kiserikali kati ya polisi na polisi, na kwa amri ya mahakama. Ukiona watu wasiojulikana wanamvuta mtu kuelekea ng'ambo usiku, usidhani ni "mambo ya serikali". Piga yowe, kisha piga simu.

Sita, nigusie jambo lililozungumzwa sana katika redio. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Michael Kabaziguruka, iliamua kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi kulikuwa kinyume cha Katiba, na ikaagiza kesi zao zihamishiwe mahakama za kawaida. Mwezi wa Mei mwaka huo huo Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya UPDF, yaliyotiwa saini na Rais mwezi wa Juni, yanayoruhusu raia kushtakiwa tena huko katika mazingira maalumu, likiwemo la kupatikana na silaha. Sheria hiyo nayo imepingwa mahakamani. Kuipima ni kazi ya majaji, si ya polisi. Kwenu nina neno moja la tahadhari. Msinunue, msihifadhi wala msisafirishe bunduki, risasi au sare za jeshi, hata kwa "kumwekea rafiki". Na anayeokota silaha shambani asiichukue nyumbani. Amwite mwenyekiti, waje pamoja polisi, nasi tutaandika kwamba ameisalimisha kwa hiari.

Ndugu zangu, nimesema mengi, sasa niyakusanye. Ndugu yako akikamatwa, nenda kituoni na uulize mambo manne: amekamatwa saa ngapi, kwa kosa gani, nani anapeleleza, na namba ya jalada ni ipi. Yaandike. Saa 48 zikipita bila mahakama wala dhamana, muone mkuu wa kituo. Asipokusikiliza, nenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya, kwa kitengo chetu cha kusimamia maadili ya polisi, au kwa Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda. Mahakama nayo yaweza kuamuru mtu aliyezuiliwa aletwe mbele yake, na haki hiyo Katiba haikuruhusu iondolewe hata wakati wa hatari.

Na wewe uliyeibiwa, ukimwona mtuhumiwa sokoni, uliza mambo hayo hayo manne. Una haki ya kujua ameachiwa kwa dhamana gani, na ataripoti lini. Kama unayo hofu kwamba atakutisha, tuambie, maana anayewatisha mashahidi aweza kunyang'anywa dhamana. Kama umepewa jibu lisiloeleweka, panda ngazi. Lakini usiokote jiwe. Saa iliyowekwa kumlinda mtu unayemchukia ndiyo itakayomlinda mwanao siku atakapotajwa kwa jina kimakosa, na katika miji hii ya watu wengi na majina yanayofanana, siku hiyo haiko mbali na nyumba yoyote.

Ofisi yetu ya uhusiano wa polisi na wananchi iko wazi, na kuuliza hakulipiwi.

Kwa Mungu na Nchi Yangu.